Kikulacho ki nguoni: Namna ya kutambua virusi vinavyojivika majina ya Windows

MHASIBU wa chama cha ushirika anafika ofisini asubuhi, anawasha tarakilishi yake na kubaini kwamba inajikokota kuliko siku zote. Kufungua daftari la hesabu pekee kunachukua dakika kadhaa.

Anabonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na mara kwenye kioo inajitokeza orodha ndefu ya majina ambayo hajawahi kuyasikia: svchost.exe, csrss.exe, lsass.exe, dllhost.exe na mengineyo mengi.

Jina moja, svchost.exe, limejirudia zaidi ya mara 60. Je, hivyo ni virusi vilivyozaana humo ndani usiku kucha, au ndivyo tarakilishi zilivyo? Azizime programu hizo moja baada ya nyingine au aziache zilivyo?

Hili si swali la kupuuzwa, kwani kosa la upande wowote lina gharama yake. Akimwacha mwizi aendelee kukaa, huenda neno la siri la benki na orodha ya wanachama vikaishia mikononi mwa watu asiowajua. Akimfukuza asiye na hatia, tarakilishi inaweza kuzima papo hapo, au hata ikakataa kuwaka tena.

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Waundaji wa virusi vya tarakilishi wanaufahamu ukweli huo vyema, ndiposa kwa miaka mingi wamependelea kuvivisha virusi vyao majina ya programu halali za Windows, wakijua kwamba mtumiaji wa kawaida ataogopa kuzigusa.

Hata hivyo, jina ni vazi tu. Zipo alama nyingine ambazo ni vigumu kuzighushi, na mtu asiye na taaluma ya tarakilishi anaweza kuzikagua mwenyewe kwa dakika chache.

WENYEJI NI AKINA NANI?

Ili kumtambua mgeni, ni sharti kwanza kuwajua wenyeji.

Kila programu inapofunguliwa, tarakilishi huiweka katika kumbukumbu yake na kuipa nambari ya utambulisho. Programu iliyo katika hali hiyo ya kutenda kazi huitwa mchakato. Baadhi ya michakato hufunguliwa na mtumiaji mwenyewe, kama vile anapoandika barua. Mingi zaidi hufunguliwa na Windows yenyewe na hufanya kazi kimyakimya bila kuonyesha dirisha lolote.

Michakato hiyo ya Windows ina ukoo wake, baba na mwana. Tarakilishi inapowaka, miongoni mwa wa kwanza kuamka ni smss.exe, ambaye huandaa mazingira ya kazi na kuwaamsha wengine. Kutokana naye hupatikana csrss.exe, wininit.exe na winlogon.exe.

Wininit.exe naye humzaa services.exe, msimamizi wa huduma zote, pamoja na lsass.exe, bawabu anayekagua maneno ya siri ya wanaotaka kuingia. Winlogon.exe hushughulikia kuingia na kutoka kwa mtumiaji. Hatimaye hufunguliwa explorer.exe, ambayo ndiyo huonyesha folda, picha za mezani na kitufe cha kuanzia kazi.

Svchost.exe, ile inayowatia wengi hofu, ni mtoto wa services.exe. Kazi yake inaeleweka vyema kwa mfano wa matatu. Huduma nyingi za Windows, kama vile za kutafuta mtandao, kuchapisha au kupakua masasisho, zimeandikwa katika faili ambazo haziwezi kutembea zenyewe. Ni abiria wanaohitaji chombo cha kuwabeba, na chombo hicho ndicho svchost.exe.

Zamani matatu moja ilibeba abiria wengi. Dereva akipata ajali, wote waliumia. Kuanzia 2017, Windows 10 ilibadilisha utaratibu huo: tarakilishi yenye kumbukumbu ya kuzidi gigabaiti 3.5 huipa karibu kila huduma chombo chake, ili moja ikikwama nyingine ziendelee na safari. Hiyo ndiyo sababu svchost.exe huonekana mara nyingi katika tarakilishi za sasa. Wingi huo peke yake si dalili ya ugonjwa.

MAJINA YA KUAZIMA

Ujanja wa kuazima majina una historia ndefu.

Mnamo Mei 4, 2000, barua pepe iliyojidai kuwa ya mapenzi ilisambaa kote ulimwenguni kutoka Ufilipino. Mtu alipofungua kiambatisho chake, kirusi cha ILOVEYOU kilijinakili katika tarakilishi yake kwa majina ya MSKernel32.vbs na Win32DLL.vbs. Hakuna faili za Windows zenye majina hayo, lakini aliyeyasoma harakaharaka angedhani ni viungo muhimu vya mfumo.

Agosti 2003, muda mfupi baada ya kirusi cha Blaster kuzitikisa tarakilishi nyingi, kilifuata kingine kilichoitwa Welchia. Hiki kilijiweka ndani ya System32, lakini katika folda ndogo ya wins, kwa jina la dllhost.exe, na kando yake kikaweka faili nyingine iliyoitwa svchost.exe. Majina yote mawili ni ya programu halali. Kilichokosewa ni anwani.

Mwaka uliofuata mambo yalizidi. Mydoom, kilichoenea Januari 2004 kupitia barua pepe, kilijiita taskmon.exe, jina la programu iliyokuwamo katika Windows za miaka ya 1990. Mwezi Februari, kirusi cha Netsky kikajiita services.exe. Services.exe halisi hukaa katika folda ya System32. Ile bandia ilikaa nje yake, katika folda ya Windows.

Wasimamizi wengi wa saiba humu nchini watakumbuka mtindo wa kirusi cha Brontok, kilichotokea Indonesia mnamo 2005. Hicho kilijificha nyuma ya picha ya folda, hivi kwamba mtu aliyekibofya alidhani anafungua folda yake. Kilijinakili kwa majina ya winlogon.exe, services.exe, lsass.exe na smss.exe, tena si katika folda ya Windows bali katika folda ya mtumiaji mwenyewe. Aidha, kilizima zana ambazo mtu angetumia kukitafuta.

Hata WannaCry, kirusi kilichofunga faili na kudai fidia na ambacho kilivuruga hospitali za Uingereza mnamo Mei 2017, kilifuata nyayo hizo. Kilijisajili kama huduma iliyodai kuwa ya kituo cha usalama cha Microsoft, na faili yake moja ikaitwa tasksche.exe, jina linalofanana na yale ya programu halali za kuratibu kazi.

Funzo ni moja. Katika visa hivi vyote, aliyetazama jina pekee alidanganyika, ilhali aliyeuliza faili inakaa wapi na imefunguliwa na nani angemfichua mgeni.

JINA LISOMWE HERUFI KWA HERUFI

Kipimo cha kwanza hata hivyo ni jina lenyewe, kwa kuwa baadhi ya walaghai hawaazimi jina kamili bali hulipotosha kidogo.

Svchost.exe huweza kuandikwa scvhost.exe, herufi mbili zikiwa zimebadilishana nafasi, au svch0st.exe, sufuri ikiwa imekalia kiti cha herufi o. Lsass.exe ni rahisi zaidi kughushi kwa sababu katika baadhi ya aina za maandishi, herufi l ndogo na I kubwa hufanana kama shilingi kwa ya pili. Explorer.exe nayo huongezewa au hupunguziwa herufi moja.

Njia rahisi ya kukagua ni kulinakili jina na kulibandika katika programu ya kuandikia, kisha kubadilisha aina ya maandishi au kufanya herufi zote kuwa kubwa. Iwapo jina lilikuwa Isass lililoandikwa kwa I kubwa, ujanja huo utajitokeza waziwazi.

Jambo jingine la kuangaliwa ni herufi za mwisho wa jina. Windows kwa kawaida huzificha, hivyo basi faili iitwayo risiti.pdf.exe huonekana kama risiti.pdf. Mtumiaji anashauriwa kuiagiza Windows izionyeshe herufi hizo kila wakati, agizo ambalo hupatikana katika sehemu ya mipangilio ya kutazama folda.

ANWANI HAIDANGANYI KWA URAHISI

Kipimo cha pili, ambacho ni kizito zaidi ya jina, ni mahali faili inakokaa.

Katika Task Manager, mtumiaji hubofya jina la mchakato kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua agizo la kufungua mahali faili ilipo. Svchost.exe, lsass.exe, csrss.exe, services.exe, smss.exe, wininit.exe na winlogon.exe zote hukaa katika C:\Windows\System32. Katika Windows za biti 64, svchost.exe huweza pia kuonekana katika folda ya SysWOW64, ambayo huhifadhi programu za biti 32.

Explorer.exe ndiyo inayotofautiana na wenzake. Hiyo hukaa katika C:\Windows kwenyewe. Kwa hivyo mtu asishtuke akiikuta huko, ila ana sababu ya kuiuliza maswali akiona mchakato wa jina hilo ukitokea katika folda ya mtumiaji.

Folda za kutiliwa shaka ni zile ambazo programu yoyote inaweza kuandika bila kuomba ruhusa ya msimamizi. Miongoni mwazo ni Temp, Downloads, AppData na hata pipa la taka. Si kila kilichomo katika AppData ni kiovu, kwani zipo programu halali zinazokaa humo, ila hakuna svchost.exe wala lsass.exe wa kweli anayeishi huko.

Ni sawa na mtu anayejitambulisha kuwa afisa wa benki kuu, lakini anapoulizwa ofisi yake iko wapi anaonyesha kibanda kando ya barabara.

BABA, IDADI NA MWENYE KAZI

Kipimo cha tatu ni ukoo. Task Manager ya kawaida haionyeshi ni mchakato gani uliomzaa mwingine kwa njia inayoeleweka vizuri. Kwa hiyo wataalamu hutumia Process Explorer, programu isiyolipiwa kutoka mkusanyiko wa Sysinternals ulioanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mnamo 1996 na kununuliwa na Microsoft mnamo 2006.

Zana hiyo hupanga michakato kama matawi ya mti. Svchost.exe wa kweli hutundikwa chini ya services.exe. Akionekana chini ya programu ya kusomea barua pepe au ya kuandikia, hapo pana jambo. Vivyo hivyo, programu ya kuandikia inapoonekana ikiwa imezaa PowerShell au dirisha la maagizo, mara nyingi huwa ni waraka wenye sumu uliofunguliwa.

Idadi nayo husema. Svchost.exe ni wengi, lakini lsass.exe, services.exe na wininit.exe kwa kawaida ni mmoja mmoja. Csrss.exe huwa wawili au zaidi kutegemea idadi ya walioingia katika tarakilishi.

Umuhimu wa vipimo hivi viwili ulidhihirika katika kisa cha Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mnamo 2010 na ambacho kililenga mitambo ya kurutubisha madini ya urani nchini Iran. Russinovich alipokichunguza katika tarakilishi ya Windows XP, alikuta lsass.exe watatu badala ya mmoja. Yule halisi alikuwa mtoto wa winlogon.exe, kama ilivyokuwa desturi katika Windows ya wakati huo. Wawili wa ziada walikuwa watoto wa services.exe. Jina lilikuwa sahihi na hata faili ilikuwa ya Windows yenyewe, lakini ukoo na idadi vilikataa kukubaliana na hadithi hiyo.

Kuhusu mwenye kazi, Task Manager huonyesha mchakato unatenda kwa jina la nani. Lsass.exe na services.exe hutenda kwa jina la SYSTEM. Svchost.exe wengi hutenda kwa jina la SYSTEM, LOCAL SERVICE au NETWORK SERVICE, ingawa katika Windows 10 na 11 wapo wachache wanaotenda kwa jina la mtumiaji na hilo si kosa. Lsass.exe anayetenda kwa jina la mhasibu, kwa upande mwingine, ni mgeni.

SAHIHI NA TABIA

Kipimo kingine ni sahihi ya kidijitali. Watengenezaji wa programu huzitia faili zao muhuri maalumu unaothibitisha zimetoka kwao na kwamba hazijabadilishwa tangu zilipotiwa sahihi. Process Explorer inaweza kuagizwa kukagua sahihi za michakato yote kwa pamoja. Faili inayojiita ya Microsoft na isiyo na sahihi inayothibitika inastahili kuchunguzwa.

Zana hiyohiyo inaweza pia kuulizia alama ya faili katika VirusTotal, huduma iliyoanzishwa nchini Uhispania mnamo 2004 na kununuliwa na Google mnamo 2012. Huduma hiyo hulinganisha maoni ya programu nyingi za kukinga virusi kwa wakati mmoja. Tahadhari ni kwamba waraka wa siri wa ofisi haufai kupakiwa huko, kwa sababu faili zinazopakiwa huweza kuonekana na watafiti wengine.

Sahihi pia si hirizi. Stuxnet ilitumia sahihi zilizoibwa kutoka kwa kampuni za Realtek na JMicron za Taiwan. Sahihi ni ushahidi mzuri, bali haitoshi kuwa hukumu.

Kuhusu tabia, watumiaji wengi huanza na kasi ya tarakilishi. Hapa panahitajika subira. MsMpEng.exe, ambayo ni askari wa Microsoft Defender, hutumia nguvu nyingi anapokagua faili. TiWorker.exe nayo huchemka Windows inapowekewa masasisho. Zote mbili ni halali na baada ya muda hutulia.

Wapo hata wanaotishwa na System Idle Process wakiiona imeandikiwa asilimia 95. Kwa kweli hiyo si programu inayokula nguvu ya tarakilishi, bali ni kipimo cha nguvu isiyotumika. Ikiwa juu, tarakilishi imepumzika.

Tabia inayostahili kutiliwa shaka ni ile isiyo na maelezo: prosesa inayochemka saa nyingi wakati hakuna kazi, kisha inatulia ghafla Task Manager inapofunguliwa, programu ya kukinga virusi iliyozimwa bila mtu kuizima, zana za Windows zinazokataa kufunguka, au mchakato usiojulikana unaorudi kila unapozimwa.

MGENI NDANI YA NYUMBA YA MWENYEJI

Vipo virusi ambavyo havijisumbui kuvaa jina la mwenyeji. Vinaingia ndani yake.

Conficker, kilichozuka Novemba 2008, ni mfano mzuri. Hicho kilijisajili kama huduma na kupanda svchost.exe halali kama abiria mwingine yeyote. Aliyekagua jina, anwani na sahihi ya svchost.exe hakuona kasoro, kwa kuwa chombo chenyewe kilikuwa cha kweli. Mwizi alikuwa miongoni mwa abiria. Kilisambaa pia kupitia flashi, kikiweka kwenye dirisha la Windows chaguo la uongo lililofanana na lile la kufungua folda.

Mbinu nyingine ni kufungua programu halali, kuisimamisha kabla haijaanza kazi, kuondoa maagizo yake katika kumbukumbu na kuweka ya kirusi mahali pake. Kinachobaki ni ganda la mwenyeji lenye roho ya mgeni.

Katika hali kama hizi, mtumiaji hutazama agizo lililotumiwa kufungua mchakato. Task Manager huweza kuongezewa safu ya kuonyesha agizo hilo. Svchost.exe halali kwa kawaida hufunguliwa kwa agizo lenye alama ya -k na jina la kundi la huduma. Svchost.exe asiye na agizo lolote la namna hiyo hustahili kuhojiwa. Zaidi ya hapo, kazi hiyo ni ya programu ya kukinga virusi na wataalamu.

ASIYE NA HATIA ASIHUKUMIWE

Hofu nayo imewahi kuleta hasara kubwa sawa na virusi vyenyewe.

Mnamo 2002 ilisambaa barua pepe iliyowaonya watu kwamba faili ya jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo wa kuchezea, ilikuwa kirusi ambacho programu za ulinzi hazikuweza kukiona. Waliopekua tarakilishi zao waliikuta kweli, wakaifuta na kuwatumia jamaa zao onyo hilo. Faili hiyo ilikuwa halali, sehemu ya zana za Java zilizokuja na Windows. Watu walijiharibia tarakilishi kwa mikono yao wenyewe bila kirusi kuwapo.

Hata walinzi wa kulipwa hukosea. Aprili 21, 2010, sasisho la programu ya McAfee liliidhania svchost.exe halisi ya Windows XP kuwa kirusi na kuikamata. Tarakilishi nyingi zilianza kujizima na kujiwasha bila kikomo na kukatika mtandao, na miongoni mwa walioathirika zilikuwamo hospitali nchini Marekani na maduka nchini Australia.

Kadhalika, kuonekana kwa jina katika ujumbe wa hitilafu si ushahidi kwamba mwenye jina ndiye mkosaji. Kirusi cha Sasser kiliposhambulia mwishoni mwa Aprili 2004, ujumbe uliotokea kwenye vioo ulimtaja lsass.exe na kuhesabu sekunde hadi tarakilishi kujizima. Lsass.exe alikuwa ndiye aliyepigwa, wala si aliyepiga. Mhalifu alijiita avserve.exe. Kiraka cha kuziba tundu alilopitia kilikuwa kimetolewa na Microsoft Aprili 13, takriban majuma mawili kabla.

HATUA ZA KUCHUKUA

Mhasibu wa ile ofisi basi afanye nini?

Kwanza, asikimbilie kuzima wala kufuta. Kumzima csrss.exe wa kweli, kwa mfano, huiangusha Windows papo hapo, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Pili, apitie vipimo kwa mpangilio: jina, anwani, baba, idadi, mwenye kazi, sahihi na tabia. Kasoro moja humfanya mchakato kuwa mshukiwa. Kasoro mbili au tatu kwa pamoja humpa sababu ya kuchukua hatua.

Tatu, akiwa na sababu hiyo, achomoe waya wa mtandao au azime wi-fi ili mwizi asiendelee kutuma alichopata wala kuambukiza tarakilishi za jirani. Asiingie katika akaunti ya benki kupitia tarakilishi hiyo. Maneno ya siri yabadilishwe kutoka kwa kifaa kingine kilicho salama, si kilekile kinachoshukiwa.

Nne, aendeshe ukaguzi kamili. Microsoft Defender katika Windows 10 na 11 ina ukaguzi wa nje ya mtandao, ambao hufanyika kabla Windows haijaamka kikamilifu, wakati kirusi hakijapata nafasi ya kujificha. Ndani ya Sysinternals imo pia Autoruns, ambayo huorodhesha kila kinachojifungua tarakilishi inapowaka. Huko ndiko hupatikana jibu la kwa nini mchakato uliozimwa jana umerudi leo.

Tano, iwapo tarakilishi ni ya ofisi, amjulishe msimamizi kabla ya kufuta chochote. Faili iliyofutwa ni ushahidi uliopotea, na huenda mwenzake wa meza ya pili ameambukizwa pia.

Nchini Kenya, visa vya uhalifu wa mitandao hupokewa na kituo cha kitaifa cha KE-CIRT/CC kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 imefanya kuingilia tarakilishi ya mtu bila idhini kuwa kosa la jinai. Iwapo habari za kibinafsi za wateja au wanachama zimeibwa, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huitaka taasisi husika kutoa taarifa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipofahamu, pale wizi huo unapowaweka wenye habari hizo hatarini.

Kinga hata hivyo ni bora kuliko tiba. Blaster, Sasser, Conficker na WannaCry vyote vilipitia matundu ambayo viraka vyake vilikuwa vimeshatolewa. Waliosasisha tarakilishi zao mapema waliyaziba matundu hayo. Ni muhimu pia kukumbuka kwamba Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho ya bure kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Anayeendelea kuitumia bila kujiandikisha kwa masasisho ya ziada anaacha mlango wazi.

Aidha, nakala ya pili ya daftari la hesabu ihifadhiwe katika diski inayochomolewa baada ya kazi. Kirusi kinaweza kujivika jina lolote kitakalo, lakini hakiwezi kufikia kile ambacho hakijaunganishwa na tarakilishi.

Kuhusu zile svchost.exe 60 zilizomtia mhasibu wasiwasi, iwapo zote zinakaa System32, zote ni watoto wa services.exe na sahihi zake zimethibitika, basi kwa kiasi kikubwa zinafanya kazi zao. Anachopaswa kutafuta ni ile ya 61, iliyokaa peke yake katika folda isiyo yake.